Mlipowahoji wakuu wa shule, mliruka swali moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha hesabu miaka kumi na minne, kisha nikawa mkuu wa shule miaka kumi na saba. Makala zenu za safari za viongozi wa elimu nimezifuata tangu mlipozianza. Huwa nazikata na kuzihifadhi kwenye bahasha, kwa hiyo msinichukulie kama mtu aliyesoma moja akakimbilia kalamu.

Nilichokiona ni kwamba zote mmezishona kwa kipimo kimoja. Mhusika alipenda shule tangu utotoni, akawa mwalimu, akateuliwa kuwa mkuu wa shule, akapanda kuwa ofisa elimu, leo ni mkurugenzi. Changamoto zinapewa aya moja: walimu hawatoshi, wazazi hawashirikiani, bajeti ni finyu. Halafu picha, mhusika yuko nyuma ya meza na kalamu mkononi. Sina ugomvi na picha. Neno linalonikera ni hilo "akateuliwa". Mnaliruka kama mtu anayeruka dimbwi asilowe viatu, wakati humo ndimo wengi wetu tulimozama.

Barua yangu ya uteuzi ililetwa Jumatano, nianze kazi Jumatatu. Shule ilikuwa ileile niliyokuwa nikifundisha. Mkuu niliyempokea alikuwa amehamishwa, na siku ya makabidhiano lori la vyombo vyake lilikuwa linanguruma nje. Tulikabidhiana tumesimama, dakika zisizozidi ishirini. Nilipewa mhuri, vitabu vya risiti, leja mbili na fungu la funguo. Nilipouliza upi ni wa wapi, alicheka, akasema, "Utazijua tu, mwalimu." Akanipa mkono, akapanda gari.

Funguo zilikuwa thelathini na moja. Najua kwa sababu nilizihesabu usiku, usingizi ulipogoma. Wiki ya kwanza ya uongozi wangu, ambayo kwenye makala zenu ingeandikwa "alianza kwa kuweka mikakati", niliimaliza nikizunguka na mlinzi kujaribu makufuli. Tisa hazikufungua kitu chochote. Na kabati moja la ofisini halikuwa na ufunguo kabisa. Tulilivunja muhula wa tatu, tukakuta barua za wazazi zilizofunguliwa, zikasomwa, zikakunjwa tena bila kujibiwa, nyingine za miaka minne nyuma. Mzazi mmoja alikuwa ameandika mara tatu kuhusu mwanawe asiyeona ubao. Mtoto huyo alikuwa ameshamaliza shule.

Leja nayo! Nilikuwa nafundisha logarithi bila kufungua kitabu, lakini leja ilinitoa jasho. Safu ya kushoto inaingia nini, ya kulia inatoka nini, fedha ya kifungu hiki kwa nini haiguswi hata kama kule kingine kumekauka? Karani wa fedha, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, ndiye aliyenifundisha, jioni kwa jioni, mlango tumeufunga ili walimu wasijue mkuu wao anafundishwa kujumlisha. Kabla hajanifikisha mbali nilikuwa nimeshavuruga. Wiki ya pili lilikuja gari la madawati wakati wa mapumziko, dereva ana haraka, nikasaini hati ya mapokezi nikiwa nimesimama kwenye ngazi: madawati sitini. Niliyahesabu baada ya kengele ya mwisho. Arobaini na manane. Aliyeyaleta akasema saini ni saini. Wakaguzi wa hesabu walipokuja walisema vilevile, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiandika maelezo ya madawati kumi na mawili ambayo sikuwahi kuyatia machoni. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia jambo dogo kama hili: hesabu kwanza, saini baadaye.

Hayo ya vitu yana nafuu. Ya watu ndiyo yaliyonila.

Ijumaa nilikuwa mwenzao. Jumatatu nilipoingia chumba cha walimu kicheko kilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa. Mtu mmoja akaanza kusahihisha madaftari ambayo, nilivyoyaona, alikuwa ameshayasahihisha. Nikasalimia, wakaitikia kwa heshima kubwa mno. Kiti changu cha miaka yote, karibu na dirisha, kilikuwa wazi, nami sikujua kama bado ni changu. Sikukaa.

Nilikuwa na rafiki mle ndani. Tulikuwa tunakaa naye pamoja, tunakopeshana vipindi, na kwa kweli kipindi cha mwisho cha Ijumaa mara nyingi alikuwa anatoroka nami ndiye niliyemshikia darasa. Nilikuwa najua, na nilikuwa nashiriki. Sasa mzazi amekuja kulalamika, na mlalamikiwa ni yeye. Siku mbili nilipiga chenga. Siku ya tatu nilifungua kitabu cha kanuni, nikaona imeandikwa mtumishi atakiwe kujieleza kwa maandishi, nikaandika barua, nikagonga mhuri, nikamtuma mhudumu ampelekee mezani. Hatua thelathini kutoka ofisini kwangu.

Alikuja na barua mkononi. Hakukaa. Akasema, "Dada, leo mimi ni wa kuandikiwa barua?"

Nilimjibu kuhusu kanuni. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa miaka tisa kama watu waliokutana kwenye foleni. Kwa mujibu wa kanuni barua ile haikuwa na dosari, na mpaka leo naihesabu kuwa ndilo kosa kubwa kuliko madawati. Mwalimu mwenye kumsaidia mkuu mpya angeniambia: mwite kwanza, mkiwa wawili, mkumbushe kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unamfichia, umwambie basi tumefika mwisho, halafu akirudia ndipo uandike. Sikuwa na mwalimu huyo. Naibu wangu aliomba nafasi hiyohiyo akaikosa, na kwa muhula mzima alinijibu kwa "ndiyo, mkuu" na "sawa, mkuu".

Mtasema labda ni bahati yangu mbaya. Utafiti wa TALIS wa 2018, unaoendeshwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, kwa kuwauliza walimu na wakuu wa shule katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba ni kama nusu tu ya wakuu, asilimia 54 kwa wastani wa nchi za OECD, waliokuwa wamepata mafunzo ya uendeshaji wa shule kabla ya kushika madaraka. Na hizo ndizo nchi zenye fedha. Maana yake ni kwamba karibu kila mkuu wa pili alikabidhiwa shule kama nilivyokabidhiwa mimi. Kule nako wanaambiwa watazijua tu.

Mimi mafunzo niliyapata, sisemi sikuyapata. Yalikuja mwaka wa sita. Wiki tatu, vitini vizuri, cheti. Mada ya kwanza ilikuwa "Namna ya Kupokea Shule". Ukumbi mzima tulicheka, watu wazima wenye mvi, mkufunzi hakuelewa kwa nini.

Lakini katika mafunzo hayo nilikutana na habari za mama mmoja wa Marekani, Ella Flagg Young, na tangu hapo sijamwacha. Mngemwandika kwa kipimo chenu, angependeza sana. Alianza kufundisha Chicago mwaka 1862 akiwa na miaka 17. Mwaka 1876 alikuwa mkuu wa shule, 1887 msaidizi wa msimamizi wa shule za mji, 1900 akapata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 55, na 1909 akawa mwanamke wa kwanza kusimamia shule zote za mji mkubwa nchini mwake. Mwaka uliofuata, chama cha walimu cha taifa kikamchagua kuwa rais wake, naye alikuwa mwanamke wa kwanza. Ngazi imenyooka, picha ipo.

Sasa tazameni kilichodondoka. Mwaka 1899 aliacha kazi, kwa sababu utawala wa wakati huo ulikuwa unawafanya walimu kuwa wa kupokea amri tu. Mwaka 1913, tayari akiwa msimamizi mkuu, aliachia ngazi tena baada ya kuvutana na bodi ya shule, na ni kelele za wananchi zilizomrudisha. Na tasnifu ile iliyompa udaktari, chini ya mwanafalsafa John Dewey, ilihusu nini? Ilihusu jinsi shule inavyowatenga watu wake, kila mmoja na kona yake, mwenye mamlaka huku na mwalimu kule. Dawa aliyoipigania ni mabaraza ya walimu, wawe na sauti katika mambo ya shule yao. Niliposoma hapo nilikumbuka kile kiti cha dirishani. Mtu wa karne nyingine, wa nchi ya mbali, alikuwa amekaa akakiandikia kitu nilichodhani ni aibu yangu binafsi.

Nilirudi nikaanza jambo dogo. Kila Jumatano, saa ya mapumziko, nilikaa chumba cha walimu bila daftari. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa kama kukaa na watu wa msibani. Muhula wa pili mwalimu wa sayansi akasema mbele yangu kwamba ratiba niliyoipanga ni ya kipuuzi, na akaeleza kwa nini. Alikuwa sahihi: nilikuwa nimeweka vipindi vya maabara saa ambayo bomba huwa halitoi maji. Tuliipanga upya pamoja. Sijui kama hicho kingeingia kwenye makala kama "mafanikio".

Kwa kuwa nimetaja wanawake, niseme na hili kisha niliache. Utafiti huohuo wa 2018 ulikuta kwamba wanawake ni asilimia 68 ya walimu katika nchi hizo, lakini kati ya wakuu wa shule ni asilimia 47. Mimi sihitaji takwimu. Mzazi aliingia ofisini kwangu, mimi niko kwenye kiti, mhuri uko mbele yangu, jina langu liko mlangoni, akaniambia, "Mama, naomba kumwona mkuu." Nikamkaribisha akae. Akakaa, akasubiri. Nami nikasubiri. Nadhani tulikaa dakika mbili nzima kabla hajayasoma maandishi ya kwenye kibao.

Kuna watakaosema mwalimu hodari hahitaji kufundishwa kuongoza, akili ni ileile. Si ileile. Darasani watoto arobaini wanasimama ukiingia na wanaondoka kengele ikilia. Ofisini unao watu wazima thelathini na tano: mmoja anauguliwa, mwingine anadai malimbikizo, wawili hawazungumzi kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka, na hakuna kengele ya kuwaondoa. Kumtoa mwalimu bora darasani na kumtupa humo ni hasara mara mbili, maana darasa limempoteza na ofisi bado haijampata. Mimi nilishikilia darasa moja la kidato cha pili, vipindi vinne kwa wiki, ingawa wakubwa waliniambia ni kupoteza muda. Ndivyo vipindi pekee ambavyo niliingia mahali nikijua ninachokifanya.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ya kuteua ni moja, tena halihitaji jengo wala mfadhili. Anayeondoka na anayeingia wapewe muhula mmoja wa kukaa pamoja. Kama muhula ni mwingi, basi mwezi. Wazunguke wote stoo kwa stoo, wafungue kila kabati, wasome leja pamoja mpaka mpya aweze kumweleza wa zamani. Wakae na kila mwalimu. Atakayesema hakuna fedha za kuwalipa wakuu wawili kwa mwezi mmoja, aniruhusu nimletee lile jalada la madawati.

Na kwenu ninyi gazeti, ombi ni jepesi zaidi. Mtakapomhoji mkurugenzi mwingine, kabla hamjafika kwenye tuzo na dira, muulizeni: wiki ya kwanza ulipokabidhiwa ofisi, ulikosea nini, na nani alikuonyesha? Mwacheni anyamaze kidogo. Mkimwona anacheka kwanza kabla ya kujibu, washeni kinasa sauti.

Mimi nilipostaafu nilimwomba mrithi wangu aje wiki mbili kabla, kwa gharama zake, akakubali. Funguo nilikuwa nimezifungia vibao, kila mmoja na jina lake kwa wino. Tulizijaribu zote. Hata hivyo wiki iliyopita alinipigia simu saa nne usiku, sauti imeshuka, nikadhani ni ufunguo. Kumbe kuna mwalimu ambaye ni rafiki yake wa siku nyingi, kipindi cha mwisho cha Ijumaa haonekani, na barua ameshaiandika, iko mezani, bado haijagongwa mhuri. Nilimwambia asiigonge mpaka nifike. Nimesafiri asubuhi yake.

Wako katika kazi ya elimu,
Mkuu wa shule mstaafu