Kompyuta zetu bado nzima, nani kaamua zife?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Oktoba 2025: jinsi kampuni ya Microsoft ilivyoacha kuilinda bure Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi kama zangu.

Nina steshenari ndogo hapa Kihonda, Morogoro. Naprinti, natoa kopi, napiga chapa barua za maombi ya kazi na tasnifu za wanafunzi, nawajazia vijana maombi ya mkopo mtandaoni na wazazi maombi ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nina kompyuta tano za mezani, zote za mtumba, nilizonunua Kariakoo mwaka 2019 kwa shilingi 380,000 kila moja. Zilishatumika kwenye ofisi za Ulaya kabla ya kuletwa huku. Moja bado ina kibandiko cha Kijerumani ubavuni. Tangu hapo nimebadilisha diski mbili, nimeongeza RAM kwenye zote, na kila Jumamosi jioni nazifungua napuliza vumbi. Zimenisomeshea watoto wawili.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10. Anayetaka kuendelea kulindwa ameelekezwa ahamie Windows 11. Lakini Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, kwa sehemu kubwa, kuanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Zangu ni kizazi cha sita. Hazijaharibika, hazijapungua kasi, na zinaprinti tangu asubuhi mpaka nafunga duka. Kilichobadilika ni uamuzi uliopitishwa Redmond, Marekani, makao makuu ya Microsoft, na mimi niliyezilipia sikuulizwa.

Niseme ukweli ili nisimtishe mtu: Windows 10 haizimiki. Ukibonyeza inawaka kama jana. Ila tundu jipya la usalama likigunduliwa, halizibwi. Kwa anayeandika barua zake nyumbani pengine atakaa mwaka mzima bila kuona tofauti. Kwenye duka langu, ambako kwa siku moja flashi za wanafunzi hamsini zinaingia kwenye mashine hizo hizo, na watu wananiachia namba za NIDA na matokeo ya mitihani, ni sawa na kulala mlango bila komeo.

Sasa bei ya komeo. Mtu binafsi anaweza kupata mwaka mmoja wa nyongeza kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi, au kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake inakiliwe kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Njia zote tatu zinahitaji uwe na akaunti ya Microsoft. Dola 30 ni zaidi ya shilingi elfu sabini. Mimi ukurasa mmoja wa kupiga chapa natoza shilingi elfu moja, kwa hiyo ni kurasa sabini, bila kuhesabu umeme wala wino. Na hiyo ni ya mtu binafsi. Bei waliyotangaza kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inakuwa 122, wa tatu 244. Jumla dola 427, zaidi ya shilingi milioni moja, kwa mashine niliyoinunua 380,000. Nimepiga hesabu hiyo mara tatu kwenye karatasi nikidhani nimekosea.

Na kuna kitu kimoja kilichoniuma kuliko bei. Septemba 2025, kabla ya siku yenyewe kufika, shirika la watetezi wa walaji la Euroconsumers lilibana, na Microsoft ikakubali kwamba wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapewe mwaka huo wa nyongeza bila kulipa na bila kulazimishwa kunakili mipangilio yao. Wanatakiwa kuingia kwenye akaunti tu. Programu ni ile ile, tundu ni lile lile, na kiraka ni kile kile kilichokwisha kuandikwa. Kompyuta yangu yenye kibandiko cha Kijerumani, kama ingebaki kwenye meza ya nyumba moja kule kwao, ingepata kiraka bure. Kwa kuwa imevuka bahari ikaja kumhudumia mtoto wa Kitanzania, inadaiwa. Kwa hiyo kiraka kilikuwa kinaweza kutolewa bure muda wote, ila aliyebana kapewa na aliyenyamaza kaandikiwa bili.

Wapo watakaosema miaka kumi inatosha, maana Windows 10 ilitoka Julai 2015. Ni kweli, miaka kumi si haba, na sikatai kwamba chipu ya usalama ina faida yake. Lakini miaka hiyo imehesabiwa tangu siku waliyoanza kuuza wao, si tangu siku mtu aliponunua. Microsoft wenyewe waliendelea kuuza leseni za Windows 10 kwenye tovuti yao hadi 31 Januari 2023. Aliyelipa siku hiyo hakupata hata miaka mitatu. Na mwaka huo huo wa 2015, kwenye mkutano wao Chicago, mfanyakazi wao Jerry Nixon alisimama mbele ya watu akasema Windows 10 ndiyo toleo la mwisho la Windows. Kauli hiyo ilienea dunia nzima, na wengi tuliisikia tukaamini tumefika.

Mhariri, nieleze nilichokiona kwa macho yangu hapa dukani.

Novemba alikuja mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano. Akaweka laptopu mbili juu ya kaunta, mpya na ya zamani. Ile mpya ameinunua 650,000 kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Fundi mmoja, jina naliacha, alimwambia ya zamani imekufa na akiendelea kuiwasha itaingiza virusi mpaka kwenye simu yake. Halafu akajitolea kumsaidia kuichukua kwa shilingi 50,000. Mwalimu akasita, akaniletea mimi. Nikaifungua. Betri inakaa saa tatu, RAM ya GB 8, prosesa ya kizazi cha saba, kibodi haijachakaa hata herufi moja. Nikaweka kwa flashi Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, nusu saa haikufika. Mjukuu wake anasomea masomo ya kidato cha tatu hadi leo. Fundi alidanganya, hilo halina mjadala. Ila uongo wake ulipata pa kusimama kwa sababu kwenye kioo cha mwalimu palikuwa pameshatokea tangazo linalomwambia kompyuta yake haikidhi vigezo. Mtu wa miaka sabini akisoma hivyo, halafu fundi akaongezea neno lake, atabisha kwa kutumia nini?

Wa pili alikuja Februari, kijana wa mwaka wa tatu.

“Shikamoo mama. Nisaidie, nimekwama.”

Laptopu yake ilikuwa na kioo cha bluu, inadai ufunguo wenye tarakimu 48. Ni ya mtumba lakini ya kisasa kiasi, yenye Windows 11. Fundi alikuwa amegusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, akitafuta kwa nini inachelewa kuwaka, na kuanzia hapo haikufunguka tena. Watu wengi hawajui jambo hili: tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, ukiisakinisha upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine inaweza kujifunga diski yenyewe kwa siri, na ufunguo unawekwa kwenye akaunti hiyo. Nikamuuliza, “Akaunti ya nani, mwanangu?” Hajui. Alinunua ikiwa imeshawashwa. Tukampigia muuzaji, akajibu bila wasiwasi, “Anti, ile barua pepe niliifungua tu ya kuwashia mashine, neno la siri silikumbuki.”

Sura tatu za kwanza za tasnifu zilikuwa kwenye barua pepe ya msimamizi wake. Sura ya nne, pamoja na majibu ya wakulima aliozunguka kuwahoji Mvomero, zilikuwa ndani ya diski ile. Hazikutoka. Nilijaribu kila nilichokijua, nikampigia hadi fundi wa Dar es Salaam ninayemwamini, akaniambia mama usihangaike, bila zile tarakimu hakuna njia. Kijana alikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema kitu, ameshika flashi tupu mkononi.

Kosa ni la muuzaji, nakubali, na kijana naye angeweka nakala. Lakini kufuli limefungwa kwenye mali ya mtu bila yeye kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba limefungwa, na ufunguo umepelekwa mahali ambapo jina lake halipo. Wanaoita huo ulinzi waeleze pia anayelindwa ni nani. Marehemu baba aliniachia taipureta ya Olympia, ndiyo niliyojifunzia kazi, na bado ipo juu ya kabati. Utepe ukiisha nanunua utepe. Hakuna aliyewahi kunitaka nijiandikishe kwake ndipo niitumie.

Vijana huniambia, “Mama, si uhame Windows tu?” Nimehama nusu, na kwa nini nimekwama nusu ndiko kwenye kiini cha barua hii. Nguvu hii haikuja kwa ubora wa programu peke yake. Hadi mwaka 1994 Microsoft ilikuwa na mikataba ambayo mtengenezaji wa kompyuta aliwalipa kwa kila mashine aliyoitoa kiwandani, hata ile isiyo na mfumo wao ndani. Ukishalipia, nani atahangaika kuweka wa mwingine? Serikali ya Marekani iliwabana wakaacha. Mwaka 1998 iliwashtaki tena pamoja na majimbo kadhaa, na Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni igawanywe ziwe kampuni mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliifuta amri ya kuigawanya, lakini ilikubali kwamba walilinda ukiritimba wao kinyume cha sheria. Ulaya nayo iliwatoza faini ya euro milioni 497 mwaka 2004, na euro milioni 561 mwaka 2013 kwa kutotimiza ahadi ya kuwapa watu uhuru wa kuchagua kivinjari. Faini zimelipwa. Mazoea yaliyojengwa miaka hiyo yamebaki, na ndiyo maana mteja wangu akisema “kompyuta” anamaanisha Windows, na akisema “andika barua” anamaanisha Word.

Hapa kwetu mazoea hayo yanakaziwa na ofisi zetu wenyewe. Mashine zangu mbili nilizihamishia mapema kwenye Linux na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, na wateja wengi hawajui hata kama kuna kilichobadilika. Tatu nilizibakiza na Windows kwa sababu kuna fomu za ofisi za umma na za vyuo zinazokuja kwa muundo wa Word, zenye majedwali yanayovurugika ukizifungua kwingine, na karani anazikataa zikiwa zimesogea mstari mmoja. Fomu ya ofisi ya umma imegeuka amri ya kununua bidhaa ya kampuni moja. Upo muundo wa wazi, ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, na PDF kila mtu anaifungua.

Wala hatuanzi sifuri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili kitupu: faili, hariri, hifadhi. Ilitengenezwa hapa hapa, bure, na yeyote aliruhusiwa kuinakili. Ninasikitika sana kwamba hatukuishikilia. Tungeiweka kwenye kila shule wakati ule, leo tungekuwa na kizazi kizima kisichotetemeka mtu akitangaza tarehe kule Redmond.

Ombi langu kwa Tume ya Ushindani ni hili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imewapa pia jukumu la kumlinda mlaji. Iandikieni Microsoft muiulize kwa nini mlaji wa Tanzania alipie kilichotolewa bure Ulaya, na majibu yao tuyasome gazetini. Mkishirikiana na wenzenu wa Kenya na Uganda hamtapuuzwa. Wizara na vyuo, toeni fomu zenu kwa PDF au ODF. Hilo halihitaji bajeti. Na wauzaji wa mtumba walazimishwe kuandika kwenye risiti mashine ni kizazi gani, na kuikabidhi ikiwa haina akaunti ya mtu mwingine ndani.

Jumapili iliyopita nimeihamishia Linux mashine ya tatu, ile ya kibandiko cha Kijerumani. Kijana wa Mvomero anaitumia asubuhi kabla wateja hawajajaa, simtozi. Jana alifika ukurasa wa kumi na moja wa sura ya nne.

Mwenye steshenari,
Kihonda, Morogoro