Kashata, mvua na mapacha wangu

Tanga, Aprili

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetufungia ndani, leo siku ya nne. Nguo hazikauki, njia ya kwetu imegeuka mfereji, na mapacha michezo imewaishia, sasa wanagombania mto mmoja wa kochi. Ujumbe wako nimeupata. Eti nikwambie upike nini kitamu na watoto bila jiko kuwa uwanja wa vita. Nimecheka peke yangu, maana swali lako lilinikuta na machicha mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi tumepika kashata za nazi. Keki sikuitaka. Keki mtoto anakoroga mara tatu, halafu anakaa kuulizia imeiva, imeiva, na mimi ndiye ninayehangaika na makaa juu ya mfuniko. Kashata ina kazi ya kumtosha kila mtu, na zinaliwa siku hiyo hiyo.

Tulianzia kwenye mbuzi. Unakumbuka tulivyokuwa tunagombania kuikalia mbuzi ya bibi yako kwa sababu ya yale maji ya nazi? Na mimi nimewalipa hivyo hivyo. Ila meno ya mbuzi hayajui mtoto, kwa hiyo Kulwa nilimpakata, mikono yangu juu ya yake, tukakuna pamoja mara kumi tukihesabu. Kilichobaki nikakuna mwenyewe. Doto nilimpa hiliki na kinu kidogo. Nusu ilirukia chini ya kabati, lakini nyumba ilinukia kama sikukuu.

Vipimo vyangu ni hivi: nazi mbili zilizokunwa, sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, hiliki punje sita au saba, na chumvi chembe tu. Usikamue tui kwanza. Najua wapo wanaotumia machicha ili kubana matumizi, lakini kashata ya machicha unatafuna kama kamba. Acha nazi na tui lake.

Sasa sikia. Sukari alipima Kulwa, maana ametimiza miaka mitano na anasema hesabu anazijua. "Moja, mbili, nne, mbili..." Nilikuwa nafukuza kuku aliyeingia kukwepa mvua, sikumfuatilia. Ngoja nitafika huko.

Shira ndiyo sehemu ya kukaza sauti. Maji yakichemka yanaishia nyuzi 100. Shira ikishaanza kuwa nzito inapita hapo, tena inanata kwenye ngozi, haitiririki kama maji. Nimechora mstari wa chaki sakafuni, mbali na jiko, nikawaambia ng'ambo ya huo mstari kuna mamba. Wakati wote moto unawaka hawakuuvuka, ingawa Doto alinyoosha kidole cha mguu kumjaribu mamba. Na ikitokea bahati mbaya mtu akaungua, ni maji ya bomba ya baridi yatiririke hapo kwa dakika 20. Dawa ya meno iache kazi yake ya meno.

Lakini usiwanyime kabisa raha ya shira. Niliwawekea kikombe cha maji baridi upande wao. Kila baada ya muda nachota tone kwa kijiko, nalitia mle, likishapoa wanalibonyeza. Mwanzo linayeyuka. Baadaye linakusanyika, linakuwa kigololi laini, basi hapo ndipo unapotia nazi, hiliki na chumvi. Wao ndio waliokuwa wanapiga kelele "bado!" na "tayari!" Nakwambia, sijawahi kuona watoto wakitulia vile mbele ya kikombe cha maji.

Ukishatia nazi, koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uwe unaachana na sufuria. Nusu nilimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, nusu nikatia tone la rangi nyekundu ikawa waridi, nikaitandaza juu. Ikishakuwa vuguvugu, watoto wanauvuka mstari wa chaki na kusawazisha kwa mgongo wa kijiko. Kukata ni kazi yangu, kabla haijakauka, zile pembe za almasi.

Ndipo ule upimaji wa Kulwa ulipojitokeza. Kashata ziliganda kama kokoto. Bibi yao, ambaye meno ya mbele ameshayaaga, aliiweka moja mdomoni, akaizungusha, akasema, "Hii si kashata wanangu, hii ni pipi." Wakafurahi kuliko ningewasifia! Nilirudisha zote sufuriani na maji kidogo kwa moto mdogo, zikalainika, nikazimwaga upya. Rangi mbili zilichanganyika ikawa moja, lakini ladha haikudhurika.

Huko Dodoma nazi unanunua kwa bei ya machozi, najua. Basi pika za karanga, huko ndiko kwao. Zikaange, mwachie mkubwa wako azisugue kwa viganja mpaka maganda yatoke, kisha azipepete kwenye ungo nje, upepo wa Dodoma utamsaidia. Sukari unaiyeyusha kavu bila maji, moto mdogo, ikifika rangi ya asali unatosa karanga na kumimina haraka. Ukisubiri imekuwa chungu. Yule mdogo wa miaka miwili usimpe kabisa, karanga nzima zinakaba watoto wa umri wake.

Yeye mfanyie barafu za ubuyu. Hazina moto hata kidogo, na mibuyu imewazunguka. Loweka ubuyu kwenye maji ya vuguvugu, mpe mwiko akoroge mpaka unga uachane na mbegu (atajipaka, mvue shati kabla). Chuja, mbegu zote zitoke, tia sukari, na maziwa kidogo ukipenda, mimina kwenye vikombe vidogo vyenye kijiti, ulaze kwenye friza. Mimi sipendi kuutia rangi ule wa barafu. Ule mwekundu wa Unguja wenye pilipili ni wetu wakubwa, tuachieni.

Binamu yangu anasafiri kwa basi kuja huko Jumatano. Nitampa nazi sita kwenye kikapu, zilizofuliwa, wewe uzikune tu. Akirudi, mpe ubuyu, usimpe kidogo kama mwaka jana. Wasalimie shemeji na watoto.

Doto amesimama hapa begani kwangu, anataka niandike kwamba hiliki aliponda yeye.

Wako,
Mama Mapacha