Umehamia kwako, kodi imeisha? Subiri kwanza tupige hesabu ya matengenezo

Watu wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Mtwara wako njia panda. Mmoja amepanga Shangani, analipa laki mbili kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, sasa kapata mtu anauza nyumba ya vyumba vitatu Chuno. Mwingine ana boma lake Mangamba, limesimama muda tu, anajiuliza apaue ahamie hivyo hivyo au aendelee kupanga mpaka amalize vizuri. Ukiwasikiliza hesabu yao ni moja: laki mbili mara 12 ni milioni mbili na laki nne, nikihamia kwangu hiyo hela ni yangu. Sisi kazi yetu ni kukagua na kukarabati nyumba kwaiyo hapo ndo huwa tunawasimamisha kidogo, maana hiyo hela haibaki yote, kuna sehemu yake nyumba itaidai, tena haidai kwa ustaarabu kama mwenye nyumba wako anayekupigia wiki mbili kabla, inakaa kimya miaka minne mitano alafu inadai yote siku moja, na siku yenyewe ni ya mvua.

Ukitafuta mtandaoni utaikuta ile kanuni ya Wamarekani, kwamba kila mwaka tenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa ajili ya matengenezo. Sio mbaya, ni bora kuliko kutotenga kabisa, ila kwa huku kwetu inapotosha. Kwanza bei ya nyumba ina kiwanja ndani yake, na nyumba za karibu na bahari unaweza kukuta kiwanja ndo kina bei kuliko hata jengo, sasa kiwanja hakivuji wala hakipati kutu. Pili asilimia haijui umri, nyumba mbili zote zinauzwa milioni 60, moja imepauliwa juzi, nyingine bati lake lina miaka 18, hiyo ya pili mnunuzi aione kama inakuja na deni la paa tayari na ashushe bei kwa hilo. Tatu, na hii ndo kubwa, asilimia haijui kama unakaa mita mia tatu kutoka ufukweni au unakaa Naliendele, huko ndani mbali na bahari.

Sisi tunaichambua nyumba kipande kipande, na kila kipande tunakiuliza maswali mawili tu, kukibadilisha leo ni shilingi ngapi, na kwa sehemu nyumba ilipo kinadumu miaka mingapi. Ukigawanya unapata kila mwaka kinakula kiasi gani, hata kama mwaka huo hujatoa hata mia.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, ya kawaida, sio ghorofa, na namba hizi ni za mfano tu ili uone hesabu inavyokwenda, ya kwako itatoka kwenye vipimo vyako na bei za siku hiyo. Tuseme kuezua na kuezeka upya, bati, kofia za juu ya paa, misumari, na papi (mbao zinazoshika bati) zilizooza, ni milioni 6 na paa linadumu miaka 20, hapo ni laki tatu kwa mwaka. Rangi ndani na nje milioni moja na nusu kila miaka mitano, laki tatu nyingine. Grili, geti na milango ya chuma, kupiga msasa, redioksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) na rangi, laki mbili kila miaka miwili, ni laki moja kwa mwaka. Maji, yani tenki, pampu, koki na mabomba, laki tisa kwa miaka sita, laki na nusu. Dari la jipsam milioni moja na laki nane kwa miaka 12, laki na nusu tena. Umeme milioni moja na nusu kwa miaka 15, laki moja. Kunyonya shimo la choo laki na nusu kila miaka mitatu, elfu hamsini. Ongeza kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba isiyo ghorofa tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi inakatwa kwenye LUKU, kwa mwaka 18,000. Jumla 1,168,000, sawa na kama elfu 97 kwa mwezi. Ile kanuni ya asilimia 1 kwenye nyumba ya milioni 60 ingekwambia tenga laki sita, yani ungekuwa umetenga nusu ya kinachotakiwa na ungejiona una nidhamu.

Sasa rudi kwa yule wa Shangani. Kodi yake milioni 2.4, nyumba yake akiwa nayo itakula milioni 1.168, kwaiyo anachookoa kweli ni kama milioni 1.2. Bado ni hela nzuri na hatumwambii asihame. Na upande wa kupanga nao una vyake, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, ukihama kila baada ya miaka miwili hiyo ni laki moja kwa mwaka, kuna gari la kuhamisha vitu, kuna kitasa na koki unazobadilisha kimya kimya maana mwenye nyumba anasema atakuja kesho. Hata ile kodi ya majengo inakatwa kwa anayenunua umeme, kwaiyo mpangaji anailipa yeye asipoelewana na mwenye nyumba mapema. Tunachokataa ni ile ya kulinganisha kodi na sifuri.

Kitu kinachotofautisha nyumba na nyumba huku ni chumvi. Upepo wa kusi unapovuma unaleta chumvi ya bahari mpaka kwenye bati, na watu wanadhani sehemu inayopigwa na mvua ndo inaoza kwanza, mara nyingi sio. Sehemu iliyo juu wazi mvua inaiosha, chumvi inaondoka. Inayoliwa ni ile isiyooshwa, chini ya bati pale linapotokeza nje ya ukuta, kwenye mapindano ya bati na bati, na kwenye vichwa vya misumari. Ndo maana ukikagua paa kwa kusimama nje na kutazama juu ukaona linang'aa unajidanganya, chukua ngazi, chungulia kwa chini. Kama kutu imeanza kwenye misumari tu, kubadilisha misumari na kuziba ni kazi ndogo, ukisubiri tundu liwe kubwa maji yanaingia kwenye papi, yanashuka kwenye jipsam, yanafika kwenye waya wa umeme, na hapo umeunganisha bili tatu kwa uzembe wa msumari.

Kwenye bati pia kuna mkanganyiko wa geji, yani namba ya unene wa bati, ambao kila mwezi tunauelezea: namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko 30. Kuna watu wamelipia 32 wakijua wamepanda daraja. Kama uko karibu na bahari, ile tofauti ya bei kati ya 30 na 28 ifanyie hesabu ya kugawanya kwa miaka kama tulivyofanya juu, usiishie kwenye bei ya dukani, mara nyingi utakuta la bei kubwa ndo rahisi. Na hapo kwenye paa waambie mafundi wafunge kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kwenye ukuta kwa nondo au mkanda wa chuma, sio misumari peke yake. Aprili 2019 watu wa Mtwara tuliambiwa tuhame mabondeni na pwani kwa sababu ya kimbunga Kenneth, kikaenda kupiga Msumbiji, na wazee wa Lindi wanakijua cha 1952, kwaiyo sio habari za kufikirika.

Chumvi nyingine inaingia kwa mikono yetu wenyewe, kwenye mchanga wa pwani. Ukuta uliojengwa au kupigwa plasta kwa mchanga wa baharini unatoa unga mweupe, rangi inavimba, plasta inamwagika kwa chini, na ndani ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) nondo zinapata kutu zinavimba zege linapasuka. Mtu anapaka rangi kila mwaka anamlaumu fundi rangi, rangi haina kosa. Ukiona huo unga kwenye nyumba unayotaka kununua, kwenye hesabu yako ile miaka mitano ya rangi andika miwili. Alafu kwa wenye nyumba za zamani Mikindani, zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, tafadhali msizipige plasta ya simenti, najua simenti hapa tunayo kiwanda mlangoni, lakini ukuta ule unahitaji kupumua, simenti inaufungia maji ndani, ukarabati wake ni chokaa kwa chokaa.

Nyumba ya Naliendele au Masasi chumvi ya upepo inapungua, hapo paa tunalihesabia miaka mingi zaidi na laki tatu inaweza kushuka mpaka laki mbili. Ila kule mchwa wanachukua zamu. Gonga fremu za milango kwa chini, angalia vinjia vya udongo ukutani. Dawa ya mchwa ikipigwa wakati wa msingi ni hela ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha fremu na kenchi baadae.

Kuna jambo la msimu ambalo linawaumiza watu wetu sana. Hela ya mikoa hii inatembea na korosho, minada inaanza Oktoba huko, malipo yanaingia kuelekea mwisho wa mwaka, na mvua nazo zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Yani hela ya kurekebisha paa inafika wakati ambao paa halitakiwi kufunguliwa. Wateja wanatupigia wote kwa pamoja, mafundi wanakuwa adimu, tunafungua paa tukiangalia mawingu. Usifanye hivyo. Hela ya msimu huu ikiingia, ile milioni moja na kidogo ya mwaka iweke pembeni, au nunua kabisa vifaa visivyoharibika kama rangi ya chuma na misumari uhifadhi sehemu kavu, alafu kazi ya paa na rangi ya nje ipange Juni mpaka Septemba, kiangazi kimekolea, ukuta umekauka, rangi inashika. Mfanyakazi wa mshahara yeye ni rahisi, elfu 97 kila mwezi kwenye akaunti ambayo haina kadi.

Na nyumba za kupangisha hesabu ni hiyo hiyo, tena kali zaidi. Wengi tunakumbuka miaka ile ya gesi, 2012, 2013, Mtwara kuchele, yani kumekucha, kodi zikapaa, kila mtu anajenga ya kupangishia wageni. Wageni walivyopungua nyumba nyingine zikakaa tupu, na nyumba tupu huwa inaoza haraka kuliko inayokaliwa, hakuna anayesikia tone la maji usiku. Kama unajenga ili upangishe, kwenye kodi unayotarajia toa miezi ambayo itakaa bila mtu, toa matengenezo, kinachobaki ndo faida.

Tunachofanya kwa mteja ni kuja na ngazi, tunapanda, tunachungulia, tunagonga, tunafungua chemba za maji taka, tunawasha kila swichi, alafu tunakuandikia orodha ya vipande na makadirio ya bei ya leo na miaka iliyobaki kwa kila kimoja. Kwa anayetaka kununua karatasi hiyo inafaa kuwa nayo kabla ya kukubaliana bei, sio baada, tumeshaitwa mara nyingi mtu ameshalipa. Siku ya ukaguzi tuandalie mambo machache: mwaka nyumba ilipoezekwa kama kuna anayekumbuka, risiti za bati kama zipo, shimo la choo liko upande gani na lilinyonywa lini mara ya mwisho. Walioko Lindi mjini na Mingoyo tunawapanga kwa pamoja ili gharama ya safari mgawane, Newala na Masasi vile vile. Ukaguzi tunaupendelea asubuhi mapema, bati likishapata jua la saa sita hakuna fundi atakayekaa juu yake akaangalie msumari mmoja mmoja.