Risala ya Vijana Wahamasishaji wa Kinga ya Saratani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kata

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu, itifaki imezingatiwa.

Ahsante kwa kuitikia wito, na barabara yetu umeiona.

Tulianza vijana 9 na simu janja 3, baada ya mwenzetu kufiwa na mama yake kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyogundulika akiwa hoi. Leo kundi letu la WhatsApp limefika kila kitongoji, na kwa fahari tunasema hakuna kata jirani inayotufikia. Tunatuma ujumbe wa sauti wa dakika moja, maana video hula bando. Kijana husikiliza, kisha humwekea mama yake sikioni. Tumeeleza kuwa saratani hii huletwa na kirusi cha HPV, na kwamba chanjo ni bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, tena tangu 2024 ni dozi moja tu. Wazazi waliowaficha mabinti kwa uvumi wa ugumba sasa wanatuuliza tarehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uchungu wetu uko hapa. Tunawaita kina mama wakapimwe, wanakuja, hawapimwi. Zahanati haina mhudumu aliyefunzwa uchunguzi huu wala kitanda chake. Na kipimo chenyewe si mashine ya mamilioni: ni siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, taa, na jicho lililofunzwa. Jibu hutoka papo hapo, na dalili za awali hutibika kabla hazijawa saratani. Mwezi uliopita mama mmoja alilipa bodaboda shilingi 6,000, amejifunga khanga mpya, akaambiwa aende hospitali ya wilaya. Alirudi nyumbani. Jioni ile mwanawe alijitoa kundini bila neno.

Ombi hili si geni. Mwaka juzi tulilisoma, tukajibiwa limepokelewa. Mwaka jana tukaahidiwa miezi mitatu. Tunajua majukumu ya viongozi ni mengi, na mara zote mbili tulipiga makofi, tukaitangaza ahadi kundini. Watu bado wanatuuliza imefikia wapi. Nakala za risala zote mbili tumeziambatanisha.

Tunaomba muuguzi wetu mmoja apelekwe mafunzo, na zahanati ipate kitanda, taa na vifaa. Hayo yakisubiriwa, timu ya wilaya ije siku moja kila mwezi. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, utakapojibu tunaomba utaje tarehe. Tutaituma kundini jioni hii hii.

Tunaomba kuwasilisha.