Barua kwa Mwanangu Kuhusu Pikipiki Iliyo Uani

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, mamako anakusalimu sana, na kaskazi imeshaanza kuvuma pamoja na joto lake. Picha niliyokutumia naona ilikufurahisha kuliko nilivyotarajia, kwani hata kabla ya kuuliza kama pikipiki inawaka au haiwaki, ulikuwa umeshaikata mkia, umeshaiondolea chujio la hewa na kuitia eksozi ya wazi, lile bomba la moshi lisilozuia kelele, yote hayo kwa maneno ya simu tu. Sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo hili linataka maandishi, nawe ukifunga chuo utakuja nayo barua hii tuisome pamoja, spana mkononi.

Nikueleze kwanza nilichonunua. Ni Honda CG125, mtindo ulioanza kuuzwa mwaka 1976, na hii yetu ni ya zile za zamani zenye umeme wa volti 6 na pointi za kuwashia. Wahandisi wake waliijenga wakijua kuwa katika nchi kama zetu oili hubadilishwa siku mwenyewe anapokumbuka. Basi badala ya kuweka kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, juu kwenye kichwa cha silinda pamoja na cheni yake, wakaiweka chini na kuzisukuma vali kwa fito mbili. Ni injini isiyojivuna, wala haina kasi ya kumtisha mtu, lakini huvumilia mengi. Viwanda vya Uchina viliiiga kwa wingi, na kwa sababu hiyo spea nyingi za bodaboda za Kichina huingia humu bila ugomvi, mradi usinunue kitu kabla ya kukilaza kando ya kile kikuukuu na kukipima.

Nimeilipia shilingi 22,000 pamoja na logbuku, yaani kitabu cha umiliki. Nasisitiza hilo la logbuku kwa sababu pikipiki yangu ya kwanza, niliyoinunua nikiwa karani kijana bandarini, niliuziwa na mtu aliyeniahidi kuwa karatasi zitakuja "kesho". Niliitengeneza miezi saba, na siku niliyoisugua fremu ili niipake rangi ndipo nilipoona kuwa namba yake ilikuwa imefutwa kwa tupa na kupigwa nyingine juu yake. Niliipeleka kituo cha polisi mwenyewe, nikarudi nyumbani kwa miguu. Safari hii, kabla ya kutoa hata senti, niliweka karatasi juu ya namba ya fremu, nikapitisha penseli, nikailinganisha na kitabu herufi kwa herufi. Nawe ukumbuke kuwa tukibadilisha injini au rangi, mabadiliko hayo ni lazima yafikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, yaandikwe.

Sasa hali yake. Pikipiki hii imekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili. Muuzaji alikuwa akiilaza nje, karibu na maji, na upepo wa bahari umefanya kazi yake: spoki zimefura kutu, tangi ndani ni jekundu kama udongo wa Voi, na skrubu za chuma zilizofungwa kwenye vifuniko vya alumini vya injini zimeng'ang'ania kana kwamba zimechomelewa. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi, moja humla mwenzake, na hapo anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kwenye mishono ndio mabaki yake. Usije ukazishika skrubu hizo kwa bisibisi ya kawaida ya msalaba. Zinafanana na za msalaba lakini ni za kipimo cha Kijapani, mfereji wake ni tofauti kidogo, na bisibisi isiyo yake hupanda juu na kuitafuna skrubu hadi iwe duara. Mimi nimezitia mafuta ya kulegezea kila jioni kwa wiki nzima, nikazipasha moto, kisha nikatumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Zimetoka kumi na moja. Moja imekatika, nayo nakuachia wewe, maana mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Wakati wa kuzirudisha tutazipaka grisi kwenye nyuzi zake, kila moja.

Tangi nimelijaza siki, nikatia konzi ya nati kuukuu na kulitikisa, nikaliacha usiku na mchana. Baadaye nililisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikalikausha juani, na hapo hapo nikalizungusha oili kidogo ndani, kwani chuma kilichosafishwa hushika kutu upya mchana huo huo hapa kwetu. Beringi za magurudumu ziko ndani ya friji, kando ya samaki changu wa mamako. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha beringi, kwa hiyo ukiupasha moto mwili wa gurudumu na beringi ikawa baridi, huteremka mahali pake bila kupigwa. Mamako ameshalalamika, na ana haki.

Nakuja kwenye maombi yako. Mkia nakubali ukatwe, ila nyuma ya pale springi zinapofungwa, wala si mbele yake hata kidole kimoja, na bomba lililobaki liunganishwe tena kwa upinde na mchomeleaji ninayemjua, si yeyote wa njiani. Eksozi ya wazi sikubali, na si kwa ajili ya majirani pekee, ingawa unajua vichochoro vyetu na watoto wanaolala adhuhuri. Ukiifungua eksozi na kuondoa chujio, hewa huzidi petroli, injini huchemka, na plagi hutoka nyeupe kama mfupa. Itakubidi ubadilishe jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopimia petroli, ujaribu, uitoe plagi uitazame, ubadilishe tena, mpaka iwe na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni kazi ya kufanywa na mtu ambaye ameshaijua plagi ya injini hiyo ikiwa katika hali yake ya asili. Wewe hujaisikia hata ikinguruma. Chujio libaki; vumbi la matumbawe la barabara zetu ni msasa mtupu kwa ringi na silinda.

Umetaja pia kuitoboa silinda iwe kubwa. Chukua kalamu. Kipenyo cha silinda ni 56.5 mm, pistoni husafiri 49.5 mm, na jumla yake ni sentimita za ujazo 124. Pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo robo hadi milimita 1.00, ukifika mwisho huo utapata kama 128.5, na hutakuwa na nafasi ya kuichonga tena itakapochakaa. Kwa nyongeza hiyo mimi sioni biashara. Ukitaka tofauti utakayoihisi siku hiyo hiyo, badilisha sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, kutoka meno 14 hadi 15: kwa mwendo ule ule injini itazunguka polepole kwa takriban asilimia 7, jambo zuri kwa barabara ya Mtwapa, na mlima pekee wa kutusumbua ni ule mpando wa daraja la Nyali.

Breki ni za ngoma, mbele na nyuma, nazo tutazifungua kabla ya chochote cha kuongeza kasi. Usipulize vumbi lililomo ndani. Linaweza kuwa na asbestosi inayodhuru mapafu, basi tuliloweshe maji na kulifuta kwa kitambaa cha kutupa.

Kaka zako hawajawahi kushika spana bila kulazimishwa, kwa hiyo vali sijazigusa, nakungoja wewe. Mwanya wake ni 0.08 mm, injini ikiwa baridi, na vile vibati vya kupimia viko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, vimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Kibati kimoja kimepinda kidogo pembeni. Leta kingine ukipata huko uliko.

Babako