Chakula cha watoto kisiishie kwa sahani ya shule

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu ya lishe ya watoto shuleni hapa Nairobi. Ile programu ya Dishi na Kaunti, ya kaunti kuwapa wanafunzi chakula cha mchana, iliyoanza 2023 imesaidia sana, mtoto analipa shilingi 5 anapata wali na ndengu moto, na mzazi wa mitaa ya mabanda kama Mathare ama Mukuru anajua hiyo inamaanisha nini. Lakini saa ya kwenda nyumbani hao watoto wanatoka tu getini wanakutana na smokie (zile soseji za barabarani), krisps na zile juisi za rangi ambazo sijui hata zina tunda gani ndani, na kwa sababu ni za bei ya chini, hapo ndipo pesa kidogo walizo nazo zinaishia.

Sisemi kanjo, hao askari wa kaunti, wakuje wafukuze wamama wanaouza hivyo vitu getini, hapana, hiyo ni biashara yao na wengi wao ni wazazi wa hao hao watoto. Kaunti ikae nao chini, iwapunguzie ada wale watakaouza ndizi, maembe, viazi vitamu ama njugu, na walimu wakuu wakubaliane nao nini kisikaribie geti. Halafu zile klabu za 4-K, za kufunza wanafunzi kilimo, zilizofufuliwa 2021 zipewe magunia na mbegu, mboga kama sukuma na managu humea vizuri kwa gunia hata Kibra ambako nafasi ni kidogo, na mtoto aliyepanda managu mwenyewe hasumbui sana kuyala.

Mzazi, Eastlands