Vijana wanaokwenda kusoma Baku waelezwe maisha ya watu wa huko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda sasa. Kila mwaka hutoka matangazo ya ufadhili wa masomo nchini Azerbaijan, na vijana wetu wa Tanzania, Kenya na Uganda huyachangamkia, kwa kuwa serikali ya nchi hiyo hutoa nafasi kwa raia wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, umoja ambao Azerbaijan iliuongoza tangu mkutano wa Baku, mji mkuu wake, wa Oktoba 2019 hadi ilipoikabidhi Uganda uenyekiti mjini Kampala Januari 2024. Matangazo hayo hutaja vyeti vinavyotakiwa, posho na tarehe ya mwisho ya kuomba, lakini hayasemi lolote kuhusu watu ambao kijana anakwenda kuishi nao. Mimi nimesoma Baku, nimepanga nyumba huko, nimealikwa harusini na nimekaa msibani, na nina hakika kwamba kijana anayeondoka akiwa anajua desturi za wenyeji wake atasoma kwa utulivu kuliko yule anayejua ile minara mitatu mirefu tu aliyoiona kwenye picha.

Kinachowashangaza kwanza vijana wa pwani, hasa waliolelewa katika nyumba za Kiislamu, ni hali ya dini. Wamesikia kwamba sehemu kubwa kabisa ya wananchi ni Waislamu, kwa hiyo hufika wakitarajia mji unaofanana na Unguja au Muscat. Wanachokikuta ni taifa lililokaa chini ya utawala wa Kisovieti kwa takriban miaka 70, na ambalo Katiba yake ya mwaka 1995 imeitenganisha dini na dola: wanawake wengi wa Baku hawajifuniki kichwa, pombe inauzwa madukani bila kificho, na mwezi wa Ramadhani katika nyumba moja unaweza kumkuta anayefunga na asiyefunga, na wote wakaketi meza moja jioni. Walio wengi ni Washia na Wasunni wapo pia. Baadhi ya wenzangu walikuwa wepesi wa kuhukumu kwamba hao si Waislamu wa kweli, na hukumu hiyo ilinikera, kwa sababu walioitoa hawakuwahi kukaa na familia iliyofiwa. Azerbaijan mtu akifariki, majirani wote hukusanyika, hema husimamishwa mtaani, Kurani husomwa, chai na halua hupitishwa, na siku ya tatu, ya saba na ya arobaini hazipiti bila kukumbukwa. Aliyekwisha kuhudhuria arobaini ya mtu Tanga au Lamu hahitaji kuelekezwa pale afanye nini.

Chai inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo inayoendesha uhusiano wa watu. Ukiingia katika nyumba ya Mwazerbaijani huulizwi kama utakunywa chai, inaletwa. Huletwa kabla ya chakula na baada ya chakula, na huletwa vilevile ofisini, gereji na kwa fundi viatu. Bilauri yake, iitwayo armudu, ni ndogo, haina mkono, imebanwa katikati na kutanuka juu na chini, hivyo chai ya juu hupoa kiasi cha kunyweka huku ya chini ikibaki na moto wake. Hakuna maziwa. Sukari haikorogwi: huchukuliwa donge, pembe yake moja ikachovywa ndani ya chai, ikang'atwa, kisha chai ikanywewa juu yake. Kando huwekwa vipande vya limau na visahani vya matunda yaliyochemshwa katika sukari yakiwa mazima, kama vile cheri, tini, hata jozi changa. Posa nayo huamuliwa kwa chai, kwa maana wazazi wa binti wakiridhia, wageni huletewa chai iliyotiwa sukari, nao wakaelewa kwamba wamekubaliwa. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza utamaduni huu, wa Azerbaijan na Uturuki kwa pamoja, katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Kijana wetu aliyefundishwa kusema "msijisumbue" anapoikataa bilauri ya kwanza hudhani anaonyesha adabu, ilhali mwenyeji huona kwamba ni yeye aliyekataliwa. Apokee, anywe taratibu, aketi. Wala asitoe pochi anapoalikwa mkahawani, kwani aliyealika ndiye anayelipa na kumbishia mbele za watu ni kumvunjia heshima.

Mkate nao una heshima yake, na hapa ndipo nilipoona ugomvi wa bure kabisa kati ya wanafunzi wageni na akina mama wa usafi bwenini. Mkate hautupwi pamoja na taka. Katika mitaa ya Baku, kando ya mapipa ya taka, utaona mifuko ya plastiki imetundikwa kwenye msumari au tawi la mti, na ndani yake mna mikate iliyokauka, ili anayefuga au anayelisha ndege aichukue. Kipande kikianguka, mzee atakiinua, atakibusu, atakiweka mahali pa juu ambapo mguu wa mtu hautakifikia. Nimemwona bwana mmoja wa makamo, amevaa suti na ameshika mkoba, akisimama katikati ya njia yenye watu wengi kufanya hivyo hivyo, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Bi mkubwa niliyepanga kwake aliikumbuka miaka ya mwanzo ya 1990, vita na uhaba vilipoandamana, na alikuwa akikusanya makombo mezani kwa kiganja cha mkono huku mazungumzo yakiendelea.

Kijana akiwa Baku mwezi Machi, asijifungie chumbani. Jumanne nne kabla ya Novruz, sikukuu ya kuingia kwa majira ya kuchipua ambayo huangukia tarehe 20 au 21, huadhimishwa moja baada ya nyingine kwa heshima ya maji, moto, upepo na ardhi. Jioni hizo mioto huwashwa nyuani mwa maghorofa, na watu huiruka, watoto kwa wazee, wakiuomba moto uchukue uzito na maradhi yao. Watoto hutupa kofia mlangoni na kujificha, na mwenye nyumba huzijaza njugu na vitu vitamu. Bi mkubwa wangu alinikalisha jikoni pamoja na wakwe zake kutengeneza şəkərbura, vitumbua vya umbo la mwezi mchanga vilivyojazwa lozi zilizosagwa na sukari, ambavyo mgongo wake hufinywa kwa kibanio kidogo cha chuma, mstari kwa mstari, mpaka utokee mfano wa masuke ya ngano. Kazi hiyo ilikwenda mpaka usiku, na kwa Kiazerbaijani nilichojifunza mezani hapo sikuhitaji kitabu.

Kuhusu rangi yetu nitasema wazi, kwa sababu mzazi ana haki ya kujua. Waafrika ni wachache mno katika nchi hiyo. Mtoto atakukodolea macho kwenye treni ya chini ya ardhi, kijana atakuomba mpige picha, na mama mtu mzima anaweza kukugusa nywele. Kwa sehemu kubwa ni udadisi usio na nia mbaya, lakini unachosha, na si haki kumwambia kijana kwamba asiudhike. Kupata nyumba ni kazi ngumu zaidi, kwani wapo wenye nyumba wanaokubali kwa simu na kukataa wanapokuona. Kinachosaidia ni mdhamini mwenyeji, mwalimu au mwanafunzi mwenzako, anayekwenda nawe na kukutambulisha kama mgeni wake, kwa kuwa katika desturi yao mgeni wa mtu huheshimiwa kwa ajili ya aliyemleta.

Vita vya Karabakh, eneo ambalo Azerbaijan na jirani yake Armenia zililipigania, visiwe mada ya kupitisha muda. Vya mwaka 2020 vilidumu siku 44, picha za askari waliofariki zimetundikwa mashuleni, na katika familia nyingi yupo aliyefiwa au aliyewahi kuhamishwa kwao. Upande wa pili nao, Waarmenia zaidi ya 100,000 waliondoka Karabakh Septemba 2023. Mgeni asikilize zaidi ya anavyosema.

Yapo na madogo ambayo yakijulikana mapema huondoa usumbufu. Anayekaa zaidi ya siku 15 lazima asajiliwe na idara ya uhamiaji, na faini ya kuchelewa humaliza posho. Viatu huvuliwa mlangoni. Kwenye treni kijana humpisha mwanamke na mzee bila kuombwa. Kama sisi wa pwani tulivyo na Kaskazi na Kusi, wao wana Xəzri utokao kaskazini na Gilavar utokao kusini, na huo wa kwanza, wakati wa baridi, hupenya kila aina ya koti linalouzwa mitumbani kwetu.

Naziomba wizara zinazosimamia elimu ya juu katika nchi zetu ziwakutanishe wanaoondoka na waliorudi, japo kwa siku moja, kabla ya viza kugongwa. Gharama yake ni ukumbi na nauli za daladala. Wewe nawe, Mhariri, unaweza kutusaidia kwa kuchapisha barua za wahitimu wa huko pembeni mwa tangazo la ufadhili litakapotoka tena. Kwa vijana wa Tanga waliopata nafasi mwaka huu, niko tayari kukutana nao siku yoyote watakayoitaja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhitimu wa Baku,
Tanga